Vitano kwa Mpigo

Mamoeketsi alifungua kopo, hasira zikampanda. Sindano ya ugonjwa wa akili ilikuwa ikimkakamaza mwanawe mikono, ndipo daktari akamwandikia vidonge vya kuilegeza, kimoja kila asubuhi, vya mwezi mzima. Wiki haijaisha, vimebaki viwili!

“Moeketsi, unavitafuna kama karanga?”

“Nikimeza vitano kwa mpigo, mama, baba anakuja. Anakaa kwenye kiti kile.”

“Baba yako alifukiwa mgodini, mjinga wewe! Hata maiti hatukupewa. Kesho namwambia nesi.”

“Jana alikuulizia.”

Mamoeketsi akakipangusa kile kiti kwa kiganja, kisha akauliza polepole, “Alijifunika blanketi gani?”

“Lile ulilomshonea pindo.”

Kesho yake kliniki, nesi alipouliza mbona vimebaki viwili, Mamoeketsi alitazama pembeni, akasema vidonge vilimwagika, mwanawe aongezewe.