Mama Kushoto

Wanafunzi wangu walimchora mke wangu kwa miaka saba na hakuna hata mmoja aliyemjua. Walimjua mgongo, nyonga, magoti na visigino. Wengine mpaka leo wakipewa mkaa na karatasi wanaweza kukuchorea bega lake la kulia huku wamefumba macho.

Jina lake lilikuwa Aselefech, mimi nilimwita Aselu. Darasani alikuwa picha tu iliyomulikwa kwa projekta kwenye ukuta mweupe: mwanamke mwenye nguo nyeusi ya kubana, ile ya watu wa sarakasi, kichwa chote amekifunika kwa netela, ile shela nyeupe ya pamba. Kufunika uso lilikuwa sharti lake. Baba yake alikuwa mwimbaji wa kanisani na nusu ya mtaa wa Gulele inamfahamu, naye Aselu hakutaka kukutana sokoni na kijana anayejua magoti yake yalivyo.

"Mwili nakupa, Wube," aliniambia. "Sura ni yangu."

Nilimpiga picha kwa sababu katika mji huu wetu wa Addis, kumpata mtu wa kusimama achorwe ni kazi kuliko kuchora kwenyewe. Leo anakuja, kesho shangazi yake ameota vibaya, keshokutwa amesikia kwamba ukichorwa sana unakonda. Nikachoka kubembeleza watu. Kila mwaka baada ya Meskel, sikukuu yetu ya Msalaba, mvua zikishakatika na mwanga ukawa safi, tulisogeza meza ya chakula, tukafungua dirisha kubwa, na Aselu akasimama pale siku mbili nzima. Tulitoka na picha mia mbili, za kutosha mwaka mzima wa darasa. Nilikuwa napenda kuwaambia wanafunzi kwamba picha haichoki, haikohoi, wala haiombi ruhusa ya kwenda chooni. Walicheka kila mara, na mimi nilijiona mjanja.

Mimi si mwalimu mpole, nakubali. Anayeanza na kucha za vidole namchania karatasi. Darasani kwangu picha inakaa ukutani dakika mbili, halafu inakuja nyingine, na katika dakika hizo mbili nataka jibu la swali moja: uzito uko wapi? Mtu akisimama, kuna mguu unaombeba. Ukiukosa huo, umechora nguo kwenye kamba. Nawapa uzi wenye ufunguo mwishoni, kama timazi ya fundi ujenzi. Unaushika kwenye shimo la koo la mtu, unauacha uning'inie, na ufunguo utakuonyesha mguu unaofanya kazi.

"Uzito uko wapi?" nilikuwa nauliza.

"Kushoto!" darasa linajibu.

Picha inayofuata. "Na huyu?"

"Kushoto!"

Ikawa mzaha. Wakampa jina, Mama Kushoto. Walikuwa wakiingia darasani wananiita Gashe, kwa heshima ya mtu mzima, wanauliza, "Gashe Wubishet, leo Mama Kushoto yupo?" Mhuni mmoja aliandika jina hilo chini ya mchoro wake kwa herufi nzuri kabisa, na mchoro ulikuwa mzuri pia, nikaubandika ukutani. Jioni nilimsimulia Aselu, tunakula, nacheka mpaka mchuzi wa shiro unanipalia. Naye alicheka. Alinimiminia maji, akasema, "Waambie ndivyo nilivyozaliwa."

Nikawaambia.

Mwaka jana, kabla ya Krismasi, alishindwa kushuka kitandani. Hospitali walimpiga picha za aina nyingine, zile zinazoonyesha mifupa. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, aliweka kidole kwenye nyonga ya kulia na kuniambia kwamba saratani ilikuwa imeshakula mfupa.

"Hii haikuanza jana," alisema. "Miaka minne, pengine mitano. Alikuwa hachechemei? Hakuwa anaukwepa mguu huu?"

"Hapana, daktari."

"Hata kidogo?"

"Mimi nafundisha watu kuchora mwili wa binadamu," nilimwambia, na nakumbuka nilivyonyoosha shingo. "Kungekuwa na kitu, ningekiona."

Aselu alikuwa amelala hapo hapo. Alinitazama, halafu akageukia dirisha. Alikufa wiki ya pili ya Kwaresima.

Siku ya mazishi dada yake, Zenebech, alinivuta pembeni nyuma ya turubai. Anaishi Debre Birhan, wao wawili walionana kwenye Pasaka na harusi tu. Mwanamke mkubwa, mkono wake ukikushika umeshikika.

"Shemeji, mimi nilikuwa mbali. Wewe ulikuwa unamtazama kila siku. Niambie ukweli: ilionekana au haikuonekana?"

"Haikuonekana."

"Hakukwambia?"

"Hakuniambia neno."

Aliniachia mkono. Nilidhani sasa atalia, lakini uso wake ulikauka. "Basi alituficha," alisema. "Mimi nilimbeba mgongoni nikishuka naye mlima Entoto na kuni kichwani, halafu ananificha mimi! Alituona sisi watu gani?" Na kuanzia hapo akamwekea marehemu kinyongo. Kwenye simu hakutaka kulitaja jina lake, alisema "mke wako". Nilimwacha. Nitasema ukweli, nilipata nafuu. Kama Aselu alificha, basi mimi sikuwa na kosa.

Nilirudi darasani zikiwa zimebaki siku nne kufika arobaini. Nilidhani kazi itanisaidia. Kulikuwa na wanafunzi wapya ambao sikuwahi kuwafundisha, na kati yao msichana anaitwa Samrawit, mfupi, mkorofi wa maswali, anayechora huku ametoa ulimi nje. Nikaamua kuwapa picha ya mtihani moja kwa moja, nione ni watu wa aina gani.

Picha ya mtihani ni ya Meskel ya tano. Kila mwaka nawapa hiyo kwa sababu, tangu apewe jina lile, ndiyo pekee ambayo Mama Kushoto amesimama kwa mguu wa kulia, na wanafunzi waliozoea kubahatisha wanaumbuka. Amenyooka wima, netela usoni, mkono mmoja umekunjwa ngumi na vidole vya mguu vimeng'ang'ania sakafu. Tangu niipige niliwafundisha hiyo ngumi. Nilisema, tazameni nguvu hiyo, huyu ni mtu anayejua kusimama. Mchoro bora wa ngumi ile uko kwenye fremu mlangoni kwangu.

Dakika mbili zikaisha. "Uzito uko wapi?"

"Kushoto!" wawili walibahatisha. Wengine wakacheka.

"Samrawit?"

Alikuwa bado anatazama ukuta. "Kulia, Gashe. Lakini hautaki."

"Hautaki nini?"

"Huo mguu. Ameukanyagia kwa lazima. Si unaona anavyojishikilia kwa vidole? Bibi yangu alikuwa anasimama hivyo akisubiri tumletee kiti." Akanitazama. "Huyu mama alikuwa anaumwa, eti?"

Waliokuwepo mwaka jana waliinamia karatasi zao, maana walishasikia kwamba nimefiwa, ingawa hawakujua kwamba aliyekufa ndiye huyo ukutani. Nilifungua mdomo nimkaripie. Nilitaka kumwambia achore, asipige ramli. Badala yake nikasema darasa limekwisha, ikiwa saa nane na nusu mchana, na wakatoka wamebeba mbao zao za kuchorea, wakinong'ona.

Nikachukua uzi wangu wenye ufunguo. Nilianza na picha za Meskel ya kwanza, moja moja, nikishika uzi kwenye shimo la koo lake ukutani na kuweka alama ya penseli mahali ufunguo ulipotua. Mwaka wa kwanza alama zilitawanyika, kulia, kushoto, katikati. Alikuwa anacheza, anabadilisha mguu anavyotaka. Mwaka wa pili hivyo hivyo. Mwaka wa tatu zikaanza kwenda kushoto. Mwaka wa nne zote zilikuwa kushoto, nikachora mstari mmoja mweusi kwa kurudia rudia pale pale. Wa sita na wa saba alikuwa ameegemea kiti, na nakumbuka nilisema kiti kinapendeza.

Ilikuwepo yote. Ilikuwa mbele ya macho yangu, kubwa kuliko mtu wa kawaida, na mimi nimesimama pembeni nimeshika fimbo, nawafundisha watu waione. Waliniambia kwa sauti, darasa zima, mara mia. Kushoto, Gashe. Kushoto.

Nikarudi kwenye Meskel ya tano, na siku ile ikanirudia jinsi ilivyokuwa. Nilikuwa nimechoka na huo mguu mmoja. Nilimwambia, "Hebu leo nipe wa kulia." Alisema, "Upande huo hapana, Wube. Unaniuma." Alisema hivyo, unaniuma, kwa Kiamhara safi, ndani ya nyumba yetu, hatua tatu kutoka niliposimama. Nami nikamwambia, "Dakika moja tu, Aselu." Akahamia mguu wa kulia. Halafu wingu likapita dirishani, nikamwambia abaki hivyo hivyo, tusubiri jua lirudi.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya darasa na kulia kwa sauti. Mlinzi alikuja mlangoni, akaniona, akaondoka.

Zenebech alifika siku moja kabla ya arobaini kuja kutengeneza pombe ya tella na kusimamia wapishi. Nilimkuta uani asubuhi, amekaa kwenye kigoda, anachambua dengu kwenye ungo.

"Nimekuja kwa ajili ya watu," alisema kabla sijamsalimia. "Wasije wakasema ndugu zake hatuna haya. Nitapika, nitagawa, padri atasali. Lakini mke wako mimi bado sijamsamehe, usinidanganye nimsamehe."

"Zenebech."

"Nimeota anakuja kwangu ananiomba maji, nikamnyima. Unajua maana yake? Na sijuti."

"Zenebech, hakuficha."

Mikono yake iliendelea na dengu. Nilikuwa nimeichapa ile picha kwenye karatasi ngumu na kuishika nyuma ya mgongo kama mtoto aliyevunja sahani. Nikaiweka juu ya ungo. Alijipangusa vidole, akaisogeza mbali na macho yake, kisha karibu.

"Huyu nani?"

"Ni yeye. Zile picha za darasani. Ni miaka miwili na nusu iliyopita."

Hakuwahi kuziona. Aliitazama muda mrefu. Kidole chake kilishuka kwenye nyonga, goti, mpaka vidole vya mguu, kikapanda tena. Sikuhitaji kumfundisha chochote. Huyu alibeba kuni kutoka Entoto miaka kumi.

"Anaumia," alisema.

"Ndiyo."

"Sasa wewe uliniambia haikuonekana."

"Ilionekana. Tangu mwaka wa tatu. Mimi sikuiona."

"Na hakukwambia."

Hapo ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshakubali nusu, na nusu ilitosha kunipa huruma yake. Kuku wa jirani walikuwa wanaparua taka karibu na tangi, na wapishi wanacheka jikoni.

"Aliniambia," nilisema. "Siku hiyo hiyo ya picha. Alisema unaniuma. Nikamwambia dakika moja tu."

Zenebech hakuinua kichwa. "Ikawa dakika moja?"

"Kulikuwa na wingu. Kamera inaandika saa. Nimehesabu." Nilimwonyesha ile ngumi. "Ilikuwa dakika kumi na nne."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa ungo wa kichwani. Hakunigusa. Alichukua ile picha, akaipakata, akaweka kidole gumba juu ya ngumi ya mdogo wake na kuanza kuisugua taratibu, akirudia rudia, kama mtu anayejaribu kuifungua.

"Aselu," alisema. Lilikuwa jina ambalo hakulitamka tangu mazishi. "Aselu wangu, njoo unywe maji."

Nilisimama pale nisijue nifanye nini na mikono yangu. Alisugua mpaka wino ukaanza kumshika kidoleni. Mwishowe alinisikia bado nipo.

"Wewe ondoka hapa," alisema. "Niache na mdogo wangu."