Linta ya Bibi Aikaeli

Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya, fundi Sadallah wa Shirimatunda aliuziba. Aliuziba mara mbili, akapaka na rangi, na kila alipomaliza alimwambia mwenye nyumba, "Ni plasta tu inakauka, bibi." Mwongo mkubwa!

Kosa lake alilijua. Linta ile ya bloku, boriti inayobeba ukuta juu ya baraza pana, ilitaka nondo nyembamba nne zigawane mzigo, nyufa zibaki kama unywele. Yeye akalaza mbili nene, kwa kuwa Godwin, mtoto wa bibi, alitaka nyumba iishe kabla ya Krismasi, na mbili hufungwa haraka kuliko nne. Mirunda ya kuishikilia nayo akaing'oa siku ya nane, kabla haijakomaa. Huku mlimani Desemba ndiyo bosi wa mafundi wote: watoto wanarudi kihambani, kwenye shamba la ukoo, nyumba lazima iwe tayari.

Novemba hii alipanda tena na mfuko wa saruji alionunua Himo. Alipofika barazani alisimama. Mstari wa penseli aliouchora kukatisha ufa ili aone kama unapanuka ulikuwa umeachana, ncha ya mwiko inaingia, na maji ya kutu yamechuruzika ukutani. Akautua mfuko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ziba vizuri, watoto wanakuja tarehe ishirini na tatu Desemba."

"Bibi, hii haizibiki. Nilikudanganya. Itaanguka."

Bibi Aikaeli hakushtuka. "Najua. Tangu masika nalala jikoni, karibu na ng'ombe."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme ili iweje? Kabla ya nyumba hii walikaa miaka sita hawaji. Sita, Sadallah! Ziba tu, baba. Wakiuona hawatalala hapa."

Angeweza kuuficha tena. Lakini aliwaona akilini wajukuu wamekaa chini ya linta ile wanakula nyama ya mbuzi, akaogopa hasa. Akakata miti shambani, akaitegemeza linta, kisha akampigia Godwin na kumweleza yote, simu ikiwa kwenye spika ili bibi naye asikie. Alitukanwa matusi, akayameza.

"Basi," Godwin alisema mwishowe, "mwaka huu tutafikia hotelini mjini. Mama atashuka siku moja, tumwone."

"Na ng'ombe nimwachie nani?" bibi aliuliza.

Godwin alikuwa ameshakata simu.