Kidole cha Santo

Kila Jumapili baada ya misa, kabla hata ya kuuliza habari za nyumbani, mama yetu, Nanay Puring, aliisimamisha simu kwenye kopo la mchele jikoni kwangu Vallejo, Marekani, akavaa miwani na kusema, "Santo. Mikono."

Na mdogo wangu Santo, mwanamume mzima mwenye kitambi na karakana yake ya pikipiki kule kwetu Batangas, aliinua mikono mbele ya kamera na kutawanya vidole.

"Geuza."

Aligeuza.

"Umeoa?"

"Sijaoa, Nanay."

"Haya. Umekula?"

Msidhani mama ana wazimu. Nilipopata uraia wa Marekani niliwaombea yeye na baba, na wao walikuja upesi. Santo ndiye aliyetutoa jasho. Kama ningemwombea mimi dada yake, foleni ya ndugu ni ndefu kiasi kwamba angetua Marekani na meno ya bandia. Lakini mama, kwa kadi yake ya ukaazi, aliweza kumwombea kama mwanawe asiyeoa, na foleni hiyo ni fupi kidogo. Kidogo, nimesema. Sharti lake moja tu: asioe mpaka atue. Akioa, hata kimyakimya mbele ya hakimu na mashahidi wa kuokoteza, ombi limekufa. Binamu yetu Nestor alioa kwa siri, akidhani ubalozi ni wa vipofu. Yuko kule kule hadi leo, na mkewe, na hasira zake.

Tatizo ni kwamba Santo alikuwa na Lilibeth. Lilibeth ana tanuri la mikate jirani na karakana, na alikuwa amemsubiri Santo mpaka watoto wa mtaa wakazoea kumwita mke wa Santo. Mpango wetu ulikuwa Santo aje, apate kadi, arudi kumwoa, kisha naye amwombee mkewe. Foleni nyingine hiyo. Nilipomweleza Lilibeth mara ya kwanza alicheka, akasema, "Sawa, Ate. Bahati yangu mikate haingoji viza, ingekwisha kuota ndevu." Ate ndiyo dada mkubwa kwetu, na yeye aliniita hivyo kabla hajapewa ruhusa na mtu. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Basi tarehe ya usaili ikatoka, Ijumaa, pale ubalozini Manila. Jumanne yake jioni tunakunywa supu ya ukwaju, Santo akapiga simu, uso umempauka.

"Nanay, usikasirike."

Mama akakasirika papo hapo, ili asipoteze muda. "Umefanya nini?"

Santo akageuza kamera. Kwenye uzio wa nyumba yetu ya Batangas kulitundikwa bango la turubai, refu kama basi. Kwetu mtu hafaulu mtihani wala harudi kutoka hospitali bila kuchapishiwa bango, na bango halitimii bila uso wa mwanasiasa. Hili lilisema: HONGERA BWANA NA BIBI CRISANTO MAGTIBAY! MAREKANI HIYOO! Chini yake Santo na Lilibeth wamevaa nguo za harusi za watu wengine, picha ya siku waliyosimamia ndoa ya rafiki. Na kando yao, mkubwa kuliko wote wawili, Kapitani Moging, mkuu wa mtaa, ametoa dole gumba. Uchaguzi ulikuwa umekaribia.

"Bwana na Bibi!" mama alipiga kelele. "Bibi wa nani? Lishushe!"

"Nanay, ni la Kapitani. Akiona nimelishusha atasema nampigia kura mpinzani."

"Umwambie mama yako atamshusha yeye!"

Wakati huo baba yangu, Tatay Ambo, alikuwa ameinamia sahani. Alikuwa akichokoa samaki aliyekwisha kuchokolewa.

"Ambo," mama akasema polepole. "Unalijua hili bango?"

"Kapitani alinitumia picha yake asubuhi. Nililipenda. Nikalitia mtandaoni."

"Nani ameliona?"

"Si wengi," baba alisema. "Ni wale tu wenye simu."

Nikafungua yangu. Pongezi zilikuwa zinamiminika kutoka Dubai, Hong Kong na Winnipeg. Shangazi Charing wa Toronto alikuwa ameandika, "Hongereni sana, ingawa wengine tumefaa kwa michango tu, mwaliko hatukuuona." Chini yake watu wasiofahamiana walikwisha kuanza kugombania keki ya harusi ambayo haikuwepo.

Mama akachukua uongozi wa jeshi. Alipigia ukoo mzima simu, mmoja baada ya mwingine, akaamuru kila mtu aandike kwamba Santo hajaoa. Wakatii kupita kiasi. "Santo ni kapera!" "Kapera wa kudumu!" Shangazi Charing, ambaye kisasi chake hakipoi, akaandika, "Santo hajaoa, na kwa sura ile hataoa." Kisha mama mwenyewe akaandika, kwa kidole kimoja, herufi kubwa tupu: HUYO MSICHANA NI JIRANI TU. ANAUZA MIKATE.

"Nanay, futa hiyo," nikamwambia.

"Nifute nini? Si jirani? Hauzi mikate?"

"Futa! Ataona!"

Alikuwa amekwisha kuona. Santo alitusimulia kwamba Lilibeth aliweka simu chini, akajifuta unga mikononi, akaazima ngazi, na mchana kweupe akalikata bango kamba zote. Akalikunja vizuri, akalifutika kwapani. "Mwambie Nanay, jirani ameshaondoa takataka," alisema, akarudi kwenye tanuri lake. Hakumjibu Santo tena siku ile wala kesho yake.

Niliona aibu, na nilimkasirikia mama hata nikaosha vyombo kwa kuvigonganisha. Kapitani Moging naye alitangaza kwa kipaza sauti kwamba bango limeibwa na maadui wa maendeleo.

Usiku wa kuamkia usaili haukuwa na maombi, ulikuwa na mazoezi. "Wakikuuliza," mama alimfundisha Santo, "sema ni binamu yako."

"Binamu! Nanay, kwenye picha nimemshika kiuno."

"Sema mlikuwa mnateleza."

Yaliyotokea dirishani nimeyapata kwa Santo mwenyewe. Ofisa alikuwa mama mmoja mwenye sura ya kazi. Alimuuliza kama amewahi kuoa, Santo akasema hapana. Ofisa akageuza skrini yake, na bango hilo hapo, na Moging na dole lake.

"Na huyu ni nani?"

Santo anasema binamu alikuwa ameshafika kwenye ulimi. Akamwona Lilibeth kwenye picha ile, anacheka na maua ya watu wengine mkononi, na binamu akagoma kutoka.

"Huyo ni Lilibeth, mchumba wangu," alisema. "Nitamwoa siku nitakayoruhusiwa. Sijamwoa kwa sababu mama yangu hunikagua vidole kila Jumapili kwa simu." Na kwa mazoea tu, masikini, akainua mikono yote miwili kwenye kioo, akatawanya vidole. Akageuza.

Ofisa alicheka mpaka akavua miwani. Akapekua cheti chake cha kutooa, akamwambia kuwa na mchumba hakujawahi kuwa kosa, kosa ni kudanganya. Kisha akauliza yule mwenye dole gumba ni nani. Viza ikapita.

Mama alipoambiwa kwamba tangu mwanzo Lilibeth hakuwa na haja ya kufichwa, alichukua simu, akaufuta ule ujumbe wake wa herufi kubwa kwa kidole kile kile. Mama yangu, kufuta maneno yake mwenyewe! Nilitamani kumpa pole, nikakumbuka jirani anayeuza mikate, nikajizuia.

Santo alitua San Francisco na boksi la maembe makavu. Mama alimkumbatia akilia, akamshika mkono, akavaa miwani.

"Bado hujaoa?"

"Bado, Nanay."

Akamzaba kofi la bega. "Sasa unangoja nini? Mpigie!"

Lilibeth alipokea simu yuko tanurini. Juu ya magunia yake ya unga alikuwa ametandika turubai, na Kapitani Moging alionekana kichwa chini, amelaliwa na paka.

"Lilibeth," mama alisema. "Mkono."

Lilibeth alikunja uso. "Mimi, Nanay? Mimi si jirani tu? Sina pete, sijaolewa, sijaiba mtoto wa mtu." Lakini aliuinua mkono wake mweupe kwa unga, vidole vitupu.

"Sogeza kwenye kamera," mama alisema. Alikuwa ametoa kipande cha uzi mfukoni. "Sogeza zaidi, mwanangu. Nataka kujua unene wa kidole cha pete."