Magunia Ishirini ya Viazi

Thacienne alikuwa ameinama kwenye tuta la tatu, akichuma matembele kwa mikono miwili, bwana Chatsika alipoingia shambani na suruali yake ya kanisani, barakoa ikining'inia kidevuni. Nyuma yake alikuja mama mmoja mwenye miwani, mkaguzi wa kilimo kutoka Lilongwe.

Ardhi ilikuwa ya Chatsika, jasho la Thacienne. Mama huyu, Mkongomani wa Fizi, alikuwa na mwaka wa nne akikodi nusu ekari hiyo nje ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwa makubaliano ya mdomo tu, maana mkimbizi nani atamwandikia ardhi? Korona ilipofunga masoko, matembele yake ya kupeleka soko la Area 18, Lilongwe, yaliozea kwenye magunia. Serikali ikatoa pesa za kuwafuta machozi wakulima. Chatsika, ambaye hajashika jembe tangu aoe, akatoa kitambulisho chake cha uraia, akapigwa picha katikati ya matuta ya mwenzake, akapokea. Thacienne alipoomba walau ya mbolea, alipewa kipande cha sabuni na kuambiwa anawe mikono.

Sabuni ile hakuigusa. Aliiweka dirishani aione kila asubuhi, hasira isije ikapoa.

Juzi Chatsika alirudi na fomu ya awamu ya pili. Kiswahili cha kambi alikijua, kwa miaka mingi ya kukodisha.

"Mama, hivi viazi vitatoa magunia ngapi? Ishirini?"

Angeweza kumwambia. Wakongomani hupanda matembele ili wale majani. Aina hiyo huchumwa kila wiki, na chini hakukai kitu. Lakini Chatsika akiona mashina yametambaa, anaona viazi tu.

"Mungu njo anajua, bwana," Thacienne alimjibu kwa upole, kwa Kiswahili cha kwao Fizi.

Chatsika akaandika ishirini.

Sasa mkaguzi aliomba jembe, ayahakiki magunia hayo ishirini.

"Chimba popote!" Chatsika akajigamba.

Tuta la kwanza likatoa vijizizi vyembamba kama uzi. La pili vilevile. Kufikia la tano Chatsika alikuwa amepiga magoti, anafukua kwa kucha, suruali ya kanisani imelowa tope. Thacienne alimtazama na roho yake ikaburudika. Hakuona haya kufurahi.

"Viazi viko wapi, bambo?" mkaguzi akamuuliza bwana huyo kwa Kichewa, lugha ya wenyeji.

"Ameiba huyu! Kibarua wangu, mkimbizi huyu!"

Thacienne akasimama wima. Kichewa chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilitosha.

"Mimi si kibarua. Nalima hapa mwaka wa nne. Hii ni mboga, haijawahi kutoa kiazi hata siku moja. Yeye hajui kwa sababu hajawahi kulima."

Mkaguzi akayatazama majani, kisha miguu ya Thacienne iliyojaa udongo. Akafuta jina la Chatsika kwenye fomu, akamwambia ajiandae kurudisha na zile pesa za awamu ya kwanza. Halafu akamgeukia Thacienne.

"Kitambulisho, mayi?"

Thacienne akatoa kadi ya ukimbizi. Mama yule akaigeuza mara mbili, akamrudishia.

"Fomu haina mahali pa hii. Pole."

Kwenye nafasi ya jina la mkulima akaandika: hakuna. Akaondoka zake.

"Utoke kwangu leo leo!" Chatsika akafoka. "Nisikuone tena!"

Thacienne akatoa simu. Alimpigia Dieudonné, jirani yake mwenye kabaza, baiskeli ya kubebea abiria, aje nayo na kamba. Matembele hupandwa kwa mashina, na mashina yalikuwa yake. Wakaanza kukata, tuta baada ya tuta, bila kuacha hata shina moja la kuchipua.

"We mama, unaharibu shamba yangu!"

"Udongo njo yako, bwana. Bakia nayo."

Kufikia saa sita mchana, ile nusu ekari ilikuwa udongo mwekundu mtupu. Mizigo kwenye baiskeli ilipanda hadi juu ya kichwa cha Dieudonné.

"Ma Thacienne, tunapeleka wapi?"

"Sijajua. Funga tu."