Kompyuta Kumi na Mbili za Mwalimu Aynalem

Aynalem alichomoa flashi kwenye kompyuta ya kumi na moja, akaichomeka kwenye ya kumi na mbili, akabonyeza kitufe cha F12 na kusubiri. Zote zilikuwa kuukuu, za msaada, mfumo wa zamani ulishakufa na betri ndogo za kutunza saa zimekwisha. Kila moja ilipoamka ilimwuliza tarehe. Aliijaza bila kufikiri, jicho kwenye kalenda ya kanisa ukutani.

Hakuwa na flashi nyingine. Juzi, alipokuwa akiiandaa iweze kuwasha mashine na kupandikiza Linux, mfumo wa bure, programu ilimwonya kwamba kila kilichomo kitafutika. Zilikuwemo picha za harusi yake, zote. Alibonyeza ndiyo. Chumba kisipopita ukaguzi, wanafunzi arobaini na mmoja wangefanyia mtihani wa taifa wa kompyuta mjini Dessie, mwendo wa nusu siku, kwa nauli yao. Aliwajua kwa majina wasioweza kwenda.

"Mwalimu, mkaguzi atapitisha?" aliuliza Tirsit, mwanafunzi wa darasa la kumi na mbili, akifuta vumbi mezani.

"Kwa nini asipitishe? Zinawaka."

"Baba amesema Dessie hapana. Nikae nyumbani nikande unga."

Saa tatu akaingia Bwana Demissew, au Ato Demissew kwa lugha yao, mkaguzi wa ofisi ya elimu. Shule haikuwa na mtandao, kwa hiyo alikuja na modemu ya ofisi, iliyofunguliwa kwa ukurasa wa mtihani tu. Akaichomeka, akaandika anwani. Kioo kikaleta maandishi: muunganisho si salama.

Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Jasho likamtoka Aynalem.

"Dada yangu, dude gani hili umeweka? Umeliokota wapi?"

"Ni la bure, si la kuokota. Nipe dakika kumi nione kasoro."

"Nina shule nne leo, na gari la kuazima. Mashine yenyewe imesema si salama. Mimi nani niibishie?"

"Basi tano, Ato Demissew. Nakuomba. Watoto hawa hawana pa kwenda."

Demissew akatoa fomu, akatia alama kwenye HAIFAI, akaandika tarehe ya kalenda yao: 19 Ginbot 2017. Akaupulizia muhuri, akaugonga.

Aynalem aliitazama ile tarehe. Mwaka huohuo ndio aliozijazia mashine zote. Ulikuwa mwaka wa kalenda yao, ya kanisa na ya serikali, iliyo nyuma ya ile ya dunia, lakini huko mtandao unakotoka ni 2025, na kompyuta ilidhani ukurasa umetoka miaka minane mbele, ikaukataa. Akarudi kwenye kibodi, akabadilisha tarehe, akafungua upya.

Karibu, kioo kikaandika. Ingiza namba ya mtahiniwa.

"Tazama. Ilikuwa tarehe tu. Hiyohiyo uliyoandika wewe."

Demissew alitazama kioo, akatazama fomu. "Imefunguka kweli," alisema taratibu. "Ila muhuri nimeshagonga."

"Kata mstari, uandike upya."

"Nikipeleka fomu iliyokatwa wataniuliza nimehongwa nini. Nina watoto pia, Aynalem."

Akachomoa modemu, akaizungushia waya wake, akaenda kwenye gari.

Ukurasa ulibaki kwenye kioo, haujui kwamba mtandao umeondoka. Tirsit aliweka kitambaa mezani, akakaa mbele ya kioo, akaanza kuandika namba yake, tarakimu moja moja. Aynalem hakumzuia.