Doa Jekundu kwenye Ramani

Ofisini walimwita Bi Sensa, ingawa yeye hakuwahi kumhesabu mtu hata mmoja. Makarani ndio waliohesabu, nyumba kwa nyumba. Yeye mtakwimu alipokea mamilioni ya watu wakiwa tarakimu tupu, bila majina yao wala ya mitaa yao, akatafuta wapi wanazaliwa wengi, wapi wanahama, na wapi wanakufa kabla ya wakati.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye swali ambalo akina mama wote huulizwa: umezaa wangapi, na walio hai ni wangapi. Alilinganisha sensa hii na ile iliyotangulia, ramani ikajichora kwenye kompyuta, na ndani ya mji mmoja likatokea doa jekundu. Humo watoto walikufa karibu mara tatu ya mitaa ya jirani, sensa zote mbili.

"Makarani hao," alisema mchora ramani wa meza ya pili, mtu wa mizaha. "Walijaza wakiwa wamekaa kivulini wanakunywa soda."

"Wakosee mara mbili, mtaa uleule?"

Ukweli ni kwamba alifurahi. Mtafiti akigundua jambo hufurahi, hata liwe baya. Akamwomba mwenzake afungue jina la eneo hilo. Yule bwana akabonyeza, akasoma, mzaha ukamwisha.

"Dada," alisema taratibu, "huku si ndiko kwenu?"

Alisogea kuona. Shule ya msingi, mtaro, na karakana ya kuvunjia betri chakavu alikofanya kazi marehemu baba yake. Miaka yote akisoma vifo vya watoto wa watu, hakujiuliza hata siku moja kwa nini kwao walizaliwa saba wakabaki watatu.

Jumamosi alikwenda kwa mama yake. Alimkuta uani anamwogesha mjukuu, mtoto wa kitinda mimba wao.

"Mama, wale wadogo zetu walikufa na nini?"

"Degedege. Mmoja tumbo, akakonda mpaka akaisha. Mbona unafukua makaburi leo?"

"Na kwa majirani?"

"Vivyo hivyo. Fundi cherehani hapo alizika watatu. Mtoto ni wa Mungu, mwanangu. Kwani huko unakokaa hawafi?"

Alidhani mama hajui. Kumbe alijua siku zote, ila aliona ni kawaida, kama jua na mvua.

"Hawafi hivi, mama. Hata hapo ng'ambo ya barabara hawafi hivi."

Mama aliacha kumwaga maji. Mtoto alitetemeka kwa baridi, na kwa muda hakuna aliyekumbuka kumfunika.

Bi Sensa alipeleka taarifa, bwana afya akaja na wenzake, wakachukua udongo wa nyua na damu ya watoto. Majibu yakasema ni risasi, yale madini ya ndani ya betri. Ilikuwa imejaa udongoni, na damu ya mjukuu ilikuwa nayo. Daktari akaeleza kuwa vumbi lake huleta degedege kwa wadogo, na kwamba wafanyakazi hulibeba kwenye nguo hadi majumbani.

Mama alisikiliza yote. "Nguo za baba yenu nilizifua kwenye beseni lilelile nililowaogeshea ninyi," alisema. Hakulia. Binti alitaka kumwambia hukujua, mama, lakini maneno hayo aliyaona mepesi mno, akamshika mkono tu.

Karakana ilifungwa baada ya mvutano mkubwa, mmiliki wake akiapa kwamba yeye kazaliwa palepale na hana hata kikohozi. Mjukuu alianzishiwa dawa, yeye na mama yake mzazi wakahamia kwa Bi Sensa. Bibi ndiye aliyegoma kuhama. Alisema kwanza atawaeleza wenzake mwenyewe, wasije wakasikia kwa wageni.

Binti alimsindikiza. Kwa fundi cherehani waliketi, mama akasimulia polepole, naye fundi akashona bila kuinua macho. Kitambaa kikaisha, kikadondoka sakafuni. Sindano ikaendelea kupiga patupu, na mguu wa fundi haukuacha kukanyaga.