Fahali wa Dobi

Kitendawili! Haya, semeni tega, msinikodolee macho kama kuku aliyesikia redio. Mtumishi wangu hana mfupa hata mmoja, analala majini, na kila akitoka nje ananigombanisha na watu. Ni nini? Samaki? Samaki gani hana mfupa? Mmeshindwa, nipeni mji. Haya, mji nimeupokea, nimekula nimeshiba. Ni ulimi. Na ulimi ninaotaka kuwasimulia ni wa Mama Pindo, fundi cherehani, aliyejitolea kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika.

Mama Pindo alikuwa na elimu ya darasa la saba, vyerehani viwili, na mdomo wa kuwatosha watu watano. Jioni, wateja wakishaondoka, alisukuma vyerehani ukutani, akapanga mabenchi, na meza ya kukatia nguo ikawa ya kuandikia. Ubao ulikuwa kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi, na chaki ni ileile ya kuchorea vitambaa. Hakumtoza mtu chochote. Aliyechelewa tu ndiye aliyefagia nyuzi.

Shida ilikuwa moja, na hakuna aliyewahi kumwambia. Ra na la kwenye ulimi wake walikuwa kama mapacha ambao hata mama yao huwachanganya. Herufi zenyewe alizijua. Ukimwonyesha ubaoni, hakosei. Lakini akianza kusema, rafiki anakuwa lafiki, na kwa kuwa aliandika anavyojisikia, mlangoni kwake kulikuwa na kibao: TUNASHONA SALE ZA SHULE. Watu walisoma sare, wakapita zao. Wanafunzi wake nao wakaandika walichosikia kwa mwalimu.

Mtiifu kuliko wote alikuwa Dobi. Alikuwa mgane, mrefu, mpole, na pasi yake ilinyoosha kila kitu isipokuwa maneno yake mwenyewe. Alimpenda Mkunga wa kituo cha afya, ambaye kila wiki alimletea magauni yake meupe ya kazi. Mkunga akiuliza, "Habari za hapa, kaka?" Dobi hujibu, "Alhamisi." Akiulizwa, "Watoto hawajambo?" Alhamisi. Yaani siku ya kuja kuchukua nguo. Hilo ndilo neno pekee lililokubali kutoka.

Ndiyo maana akaja darasani. Siku alipoweza kuunganisha silabi, akamvuta Mama Pindo pembeni.

"Mwalimu, mdomo umenigomea. Nataka nimwandikie. Kuna mstaafu mmoja anamzungukia na mashairi. Nisipowahi, nitakuja kupiga pasi shela ya harusi yao."

Mama Pindo akafurahi utadhani anaposwa yeye. "Umwandikie nini?"

"Wewe ni fahari yangu."

"Hapo umepatia, baba! Andika. Fa. Ha. Li."

Dobi akainua kalamu. "Si ri, mwalimu?"

"Ndiyo hiyohiyo, li! Tega masikio. Fa-ha-li."

"Mimi nilidhani ri."

"Mwalimu hapa nani?"

Basi, Dobi akaandika li. Akaipiga ile karatasi pasi isijikunje, akaibana kwa pini nyuma ya ukosi wa gauni, akalikunja gauni kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo.

Siku gauni lilipovaliwa, jioni yake darasa lilikuwa linasoma ba be bi. Mlango ukasukumwa. Mkunga akainamisha kichwa kupita chini ya nguo zilizotundikwa, akaingia pua zimetanuka, viatu vinagonga sakafu.

"Dobi! Simama!"

Dobi akasimama.

"Kaka yangu, mimi nimezalisha nusu ya mtaa huu. Wenye uchungu wamenitukana matusi yote ya duniani, na mengine wameyatunga palepale. Lakini dume la ng'ombe sijawahi kuitwa, tena kwa maandishi!" Akaisoma karatasi. "'Wewe ni fahali yangu.' Nimezunguka wodini asubuhi nzima na hii shingoni, wauguzi wananililia "mooo" kama zizi zima! Mzazi mmoja amecheka mpaka mtoto katoka bila kusukumwa!"

"Si umerahisishiwa kazi, dada?" akasema Mama Mkaa, muuza mkaa, aliyekaa benchi la mbele asipitwe na neno.

"Wewe nyamaza!"

Dobi akafungua mdomo. "Al..."

"Usithubutu kuniambia Alhamisi!"

Wakati huo mwalimu wetu alikuwa chini ya meza, eti anatafuta sindano. Alikuwa ameshaelewa kosa ni la nani. Akinyamaza, Dobi amekwisha, na yule mstaafu anabeba mke. Akisema, darasa zima litajua mwalimu wao ana ulimi wa namna gani. Na anayejitolea hana mshahara jamani, ana jina tu, na kuitwa mwalimu kulikuwa kutamu. Akachungulia. Dobi alikuwa amesimama anatokwa jasho, wala hakugeuza jicho upande wake. Hakutaka kumtaja. Hapo Mama Pindo akaona haya, akatoka na vumbi magotini.

"Ni mimi," akasema. "Yeye alitaka kuandika fahali, mimi nikamwambia aandike fahali."

"Unasemaje?"

"Fahali ya kujivunia! Si fahali wa pembe!"

Mkunga akamtazama kama anayepima joto la mgonjwa. "Mama Pindo, sema rafiki."

"Lafiki."

"Sema harusi."

"Halusi. Kwani mimi nimesemaje?"

Mama Mkaa akapiga yowe. "Ndiyo maana! Nimebandika pale kwangu MKAA LAHISI, mjukuu wangu akaniuliza, bibi, huyo Lahisi ndiye nani?"

Darasa likapasuka. Mlinzi wa ghala, aliyekuwa amesinzia, akaanguka na benchi lake. Uso ukamwaka moto Mama Pindo. Akachukua chaki, akaandika ri na li, kubwa kama masufuria.

"Kuanzia leo," akasema, "mimi nitawafundisha kuandika, nanyi mtanifundisha kusema. Atakayecheka atafagia."

Wakacheka wote. Ufagio ulikuwa mmoja.

Mkunga peke yake hakucheka, ingawa mdomo wake ulikuwa unapigana na mwenyewe. "Mwalimu nimemsikia," akasema. "Sasa namtaka mwenye pini. Yule mstaafu ananiita ua, ananiita nyota, ananiita asali, kila kitu ila mimi. Wewe nakuuliza kwa mdomo, unijibu kwa mdomo. Mimi kwako ni nani, fahari au fahali?"

Dobi akajifuta jasho kwa ukosi wa shati.

"Sema, mwanamume!" akafoka Mama Mkaa. "Au tukupige pasi?"

"Fahali, baba," akanong'ona Mama Pindo, "mwambie fahali..."

"Mwalimu, nyamaza!" darasa zima likamzomea.

Dobi akautazama ubao, akamtazama Mkunga, akautazama mlango na nguo zilizokuwa bado zinabembea. Akasema polepole, kila silabi imenyooka kama ukosi:

"Yote mawili. La kwanza nililikusudia. La pili nimeliona likiingia kwa mlango ule sasa hivi, nikalipenda zaidi."